Jiko limenunuliwa, sufuria je?

BARUA YA BOMBAMBILI
Na Anastazia Ndunguru

Jumamosi iliyopita nilizipanga sufuria zangu zote sakafuni, kubwa kwa ndogo, zikafika kumi na moja. Mjukuu wangu alidhani tunahama. Mkononi nilikuwa na sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa siku nyingi, ile inayofanana na kitumbua cheusi chenye tundu katikati, nikawa naibandika chini ya kila sufuria. Ya wali: ikaanguka. Ya maharage: ikaanguka. Ile kubwa tunayoazimana misibani: ikaanguka, na safari hii ikatua kwenye kidole cha mguu cha mjukuu. Nilipofika ya kumi nilishaanza kuichukia sumaku yenyewe. Ya kumi na moja ndiyo iliyoishika, tena kwa nguvu: sufuria ya marehemu bibi yangu, ya bati lililopakwa enameli ya buluu, imebanduka ukingoni, ambayo miaka mingi haijaona moto. Tunawekea mbegu za maboga.

Kilichonifikisha huko ni jiko. Nilikuwa nimenunua jiko la indaksheni, ambalo kwangu nimeshalibatiza jiko la sumaku, la sehemu moja, wati 2,000, kioo cheusi kinachong'aa hata ukaweza kujitazama. Dukani waliliwasha mbele yangu, likachemsha maji ya chai kabla muuzaji hajamaliza kuandika risiti. Nikalipa, nikalibeba. Nyumbani nikaweka sufuria ya maharage, nikabonyeza. Likalia pii, pii, pii, likaandika E0, likajizima. Nikarudi nalo dukani nimefura. Kijana akanipokea kwa adabu: "Shikamoo mama. Jiko lako zima kabisa. Sufuria zako ndizo hazifai." Nikamwuliza mbona hukuniambia, mwanangu? Akasema, "Mama, hukuuliza."

Duka silitaji, maana kosa hilo tunalo wengi. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, tarehe 8 Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, nimesikiliza hotuba nyingi. Nimesikia habari za mitungi ya gesi ya ruzuku, za majiko banifu, za misitu, za moshi na mapafu ya akina mama. Sufuria sijaisikia hata siku moja. Kwa gesi si tatizo, gesi haichagui: alumini sawa, chuma sawa, hata kopo la maziwa ukitaka. Lakini umeme nao sasa unahubiriwa, na Songea yetu si ile ya jenereta za dizeli. Mwaka 2018 tuliunganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji limejengwa lizalishe megawati 2,115. Umeme upo. Ndani ya nyumba zetu kilichojaa ni alumini.

Na alumini jiko hili haliitaki, sababu ni hii. Jiko la sumaku halina moto. Chini ya kioo kuna waya wa shaba uliozungushwa kama mkeka wa ukindu, na umeme unaopita humo hugeuza mwelekeo makumi ya maelfu ya mara kila sekunde. Kugeuka huko huzaa nguvu ya sumaku inayopenya kioo na kuingia kwenye tako la sufuria, ikaamsha humo mikondo midogo ya umeme inayojizungusha. Chuma huikaidi mikondo hiyo, na ukaidi wake ndio joto. Alumini haikaidi. Inapitisha umeme kwa ulaini mno, wala sumaku haiishiki, kwa hiyo haipati joto la maana. Jiko likipima likaona juu yake hakuna mwenza, linalia na kuzima. Kwa maneno mengine, sufuria ndiyo jiko lenyewe. Hicho kisanduku cha kioo ni nusu ya kitu, na nusu ya pili hatuuziwi.

Kuna balaa jingine: madukani lipo jiko linalofanana na hili kama pacha, la infraredi, ambalo ukiliwasha unaona duara jekundu linawaka chini ya kioo. Hilo linapasha kioo kwanza, kioo ndicho kinachopasha sufuria, basi linakubali sufuria yoyote yenye tako bapa. Linakula umeme zaidi kwa kazi ileile na kioo chake kinabaki cha moto muda mrefu. Wauzaji huyachanganya, wengine kwa kutojua. Ukiona wekundu, si la sumaku.

Basi nikaenda kutafuta sufuria, sumaku yangu ndani ya pochi. Muuzaji wa kwanza akanitolea sufuria ya chuma cha pua, inang'aa kama kioo cha saluni. Akasema hii ni stili mama, haikatai jiko lolote. Nikabandika sumaku. Ikateleza kama mjusi ukutani. Hapo ndipo wengi wanapoibiwa bila mwizi, kwa sababu chuma cha pua si kimoja. Kile chenye nikeli nyingi, ambacho watu wanakiona bora kwa kuwa hakipati kutu, mara nyingi hakishikwi na sumaku. Kile cha bei ndogo zaidi, kisicho na nikeli, kinashikwa. Viwanda vyenye akili hubandika bamba la chuma cha sumaku chini ya sufuria ya aina ya kwanza, au hata chini ya alumini, na huchora alama ya waya uliojiviringa kama springi. Alama ni nzuri, lakini rangi na mihuri tunajua inavyogongwa siku hizi. Sumaku haihongeki.

Ikishikwa tu haitoshi. Igeuze, uweke rula au ukingo wa kitambulisho chako juu ya tako, utazame dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga unapita katikati, tako limebonyea; nguvu ile ya sumaku hupungua haraka kadiri chuma kinavyokuwa mbali na kioo. Tako likivimba kwenda nje ni baya zaidi, sufuria itazunguka kama pia. Pima na upana: chini ya sentimeta 12 hivi majiko mengi hayaioni sufuria kabisa, kwa hiyo kisufuria cha kuchemshia maziwa ya mtoto kisahau. Na iwe nzito. Bati jembamba hupata joto pale tu waya ulipozunguka, wali ukaungua duara kama pete huku pembeni mbichi.

Ukihesabu ile ya bibi, sufuria ya pili inayofaa niliipata kwa taabu, tako nene, mikono miwili iliyogongwa kwa ribiti. Bei yake iliikaribia ya jiko. Ya tatu ikawa sufuria ya presha ya chuma, na hiyo sijutii hata senti. Mji wetu upo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya meta 1,000, maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na mwenye kupika maharage ya Mbinga anaijua tofauti hiyo kwa magoti yake ingawa hajawahi kuipimia kipimajoto. Ndani ya presha maji yanavuka nyuzi 110, na maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva kabla hujamaliza kukaanga dagaa Nyasa.

Sasa ugali. Hapa waliolibuni jiko hili hawakutufikiria. Jiko la mkaa lina meno ya kuishika sufuria, mafiga ndiyo kabisa, kioo kinateleza. Siku ya kwanza nilishika mwiko, nikasonga kama ninavyosonga siku zote, na sufuria ikaondoka. Nikaivuta kwa kitambaa mkono wa kushoto, ikarudi, nikasonga, ikaondoka tena. Ikitoka kwenye duara jiko linalia, ukirudisha linawaka, na kila kuburuta ni mkwaruzo kwenye kioo. Mjukuu akasema bibi unapigana. Nimeshaipata njia yangu. Uji wa kwanza unachemka juu ya jiko, unatokota vizuri, unatia unga kiasi. Kisha naiteremsha sufuria sakafuni juu ya ngata, ngata hiihii ya kubebea ndoo kichwani, nimeikunja kwa kanga kuukuu. Ngata inaishika sufuria kuliko jiko lolote duniani. Nasonga hapo kwa mikono miwili, jasho likitoka kama kawaida, nafuta tako kwa kitambaa, narudisha juu namba ya chini kwa dakika chache uive. Kufuta usisahau. Chembe moja ya mchanga chini ya sufuria nzito ya ugali inakichora kioo kama msumari.

Wali nao umepoteza kitu. Tuliozoea kupalia, makaa juu ya mfuniko mpaka harufu ifike kwa jirani, hatuna cha kuweka juu. Namba ya chini kabisa, mfuniko mzito, na kuacha utulie baada ya kuzima. Ukoko unapatikana, ila hauna ule moshi. Siwezi kudanganya.

Kutunza ndiko kulikonishangaza. Mama zetu walitufundisha kupaka tope au majivu nje ya sufuria kabla ya kuiinjika kwenye kuni, ili masizi yatoke kirahisi, na baada ya hapo kusugua kwa mchanga na stilwaya mpaka ing'ae. Msichana alipimwa kwa weupe wa sufuria zilizoanikwa kichanjani. Jiko hili halina masizi. Sufuria inatoka ilivyoingia. Mazoea ya kusugua ndiyo yanayoiua, na mafundi wa kusugua tumebaki wengi: niliikuta sufuria mpya ya nonstiki imekwanguliwa mpaka chuma, dada wa nyumbani akiwa amefurahi kwamba "ile nyeusi imetoka yote". Nilinyamaza. Ningesema nini?

Yako makosa matatu mengine, na yote nimeyafanya. Kwenye mkaa tunatenga sufuria tupu ipate moto huku tunakata kitunguu. Hapa namba ya juu huliunguza tako jembamba kwa sekunde chache, likabinuka lisirudi tena, na nonstiki ikipita nyuzi 260 huanza kuharibika na kutoa moshi usiofaa kuvutwa. Anza na namba ya kati, mafuta yakiwa ndani. Pili, kumwagia maji ya baridi sufuria iliyotoka jikoni: chuma hushtuka, hubinuka vilevile. Tatu ni chumvi. Ukiitia kwenye maji ya baridi ndani ya chuma cha pua, inalala chini na kula vitundu vidogo ambavyo havitoki. Subiri maji yachemke. Ukiona ukungu mweupe au rangi za upinde wa mvua ndani, kipande cha ndimu na maji ya uvuguvugu vinatosha. Enameli ya bibi naichunga kwa namna yake, haipigwi mwiko ukingoni, maana pale inapobanduka kutu huingia.

Fedha nisiifiche. Kwa hesabu yangu ya kalamu, kuchemsha lita 2 za maji kwenye jiko hili hakufiki hata robo ya uniti. Mteja wa kawaida anayelipa shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza kodi na tozo inakaribia 356, anatumia kama shilingi 75. Mteja mdogo wa shilingi 100 ananunua kwa raha zaidi, ila raha hiyo ina mpaka wake: uniti 75 kwa mwezi, yaani mbili na nusu kwa siku kwa taa, pasi, runinga na chungu vyote. Anayeanza kupika kila kitu kwa umeme anaweza kuuvuka mpaka huo bila kujua, na ndipo mita ya LUKU inapoanza kumshangaza. Hili nalo wenye mkakati waliangalie, kwa sababu si haki anayetii wito wa nishati safi aadhibiwe kwa kutii. Na tafadhali, wati 2,000 si mzigo wa ekstensheni ya kuchajia simu. Chomeka ukutani, soketi iwe imara.

Ninachodai ni kidogo. Ruzuku ya jiko la umeme ikija Songea, ije na sufuria mbili ndani ya boksi, moja ya ugali yenye mikono. Mwenye duka aning'inize sumaku kwa kamba pale kaunta kama anavyoning'iniza kalamu, kila mteja ajipimie. Na mafundi wanaotusubia sufuria za alumini nzito kwa chakavu wafundishwe kubandika bamba la chuma chini, maana wao ndio wanaoujua ukubwa wa familia zetu kuliko kiwanda cha ng'ambo.

Mbegu za maboga nimezihamishia kwenye sufuria ya maharage. Sumaku ya spika ipo, atakayeihitaji aje kuazima, ila airudishe kabla ya Jumamosi. Sufuria ya wali bado sijaipata.