Vifaa vya usikivu vyenye akili mnemba: habari za watafiti wa sauti zina maana gani kwako?

Kwa ufupi
• Watafiti wa sauti katika vyuo vikuu vya Uingereza wanaendesha mashindano ya wazi ya kuboresha vifaa vya usikivu, kwanza kwa mazungumzo na sasa kwa muziki pia.
• Matokeo yanatia moyo, lakini mengi bado yako kwenye kompyuta za maabara, hayajafika kwenye kifaa kinachokaa nyuma ya sikio.
• Usisubiri teknolojia mpya ndipo upimwe. Kifaa cha kawaida kilichorekebishwa vizuri kinasaidia leo.

Huenda umeona tangazo la kifaa cha kusikia, maarufu kama shime sikio, kinachoahidi "kufuta kelele" kwa kutumia akili mnemba. Au mwanao aliye ughaibuni amekwambia kuna visikizi vya masikioni vinavyofanya kazi hiyo hiyo. Kabla hujatoa fedha, ni vizuri ujue watafiti wamefikia wapi.

Kwa nini kelele ni tatizo kubwa?

Watu wengi wenye usikivu hafifu husema, "Nasikia mtu anaongea, ila sielewi anachosema." Sababu iko ndani ya sikio. Sikio la ndani lina chembe ndogo zenye vinyweleo zinazogeuza mtetemo wa sauti kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo. Chembe hizi zikifa kwa sababu ya uzee, kelele au baadhi ya dawa, hazioti tena. Mara nyingi zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba.

Irabu a, e, i, o, u zina nguvu na husikika kwa urahisi. Konsonanti kama s, f na sh ni nyembamba na hafifu. Kwa hiyo maneno "suka", "shuka" na "fuka" yanaweza kufika masikioni yakiwa yamefanana kabisa. Ukiwa mahali palipotulia, ubongo unakisia kutokana na maana ya sentensi. Ukiwa kwenye harusi, sokoni au ndani ya daladala, hata nafasi ya kukisia inapotea.

Kifaa cha usikivu hukuza sauti. Tatizo ni kwamba kinakuza sauti ya mjukuu wako, na papo hapo kinakuza feni, redio na mazungumzo ya jirani. Ndiyo maana baadhi ya watu hukiweka kabatini baada ya wiki chache.

Watafiti wanafanya nini?

Mradi wa Clarity unaunganisha vyuo vikuu vya Cardiff, Nottingham, Salford na Sheffield. Salford, jirani na jiji la Manchester, kinajulikana kwa kufundisha na kutafiti uhandisi wa sauti. Badala ya kila timu kujifungia na siri zake, mradi unatoa bure rekodi na programu, kisha unaalika watafiti popote duniani washindane.

Shindano la kwanza, mwaka 2021, liliigiza sebule kwa kompyuta: mtu anaongea, na pembeni kuna mashine ya nyumbani inayounguruma au mtu mwingine anayezungumza. Kazi ilikuwa kufanya sauti ya msemaji ieleweke. Mifumo ilisikilizwa na watu wenye usikivu hafifu, kwa sababu wao ndio watakaovaa kifaa. Mashindano yaliyofuata yaliongeza ugumu: vyanzo kadhaa vya kelele kwa wakati mmoja na msikilizaji anayegeuza kichwa.

Mradi dada, Cadenza, unashughulikia muziki. Vifaa vingi vimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Mtambo wa kuzuia mlio wa kifaa unaweza kuidhania noti ndefu ya filimbi kuwa ndio mlio huo, ukaivuruga. Kwa mtu aliyezoea kwaya ya kanisani au taarabu, hilo ni pigo kubwa. Watafiti wa Cadenza wanajaribu, kwa mfano, kutenganisha sauti ya mwimbaji na ala, kisha kuvichanganya upya ili maneno ya wimbo yasikike.

Maabara na sikio lako

Hapa ndipo matangazo yanapokimbia mbele ya ukweli. Kuna mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, muda. Kifaa kikichelewesha sauti, utajisikia ukiongea mara mbili, kama mwangwi, na midomo ya mwenzako haitaendana na maneno yake. Shindano la kwanza la Clarity liliweka kikomo cha milisekunde 5 tu. Programu inayosafisha sauti ya video kwenye simu haina haraka hiyo.

Pili, nguvu. Shindano hilo halikuweka kikomo cha nguvu ya kompyuta. Kifaa cha sikioni kina betri ndogo kuliko kifungo cha shati, na hakiwezi kubeba hesabu zote zinazofanywa na kompyuta kubwa. Vifaa vyenye akili mnemba vimeanza kuuzwa, ila ni vya bei ya juu.

Tatu, mazingira. Sauti za mafunzo za Clarity ni za Kiingereza cha Uingereza, na sebule zake si zile za sakafu ya saruji na paa la bati wakati wa mvua. Kuchuja kelele hakutegemei lugha peke yake, hivyo hatuna sababu ya kukata tamaa. Lakini ni haki yako kumuuliza muuzaji kama kifaa kimejaribiwa katika hali kama yako. Kwa kuwa rekodi na programu za mradi ziko wazi, vyuo vyetu navyo vinaweza kufanya majaribio hayo kwa Kiswahili.

Vipi kuhusu visikizi vya dukani?

Nchini Marekani, tangu Oktoba 2022 watu wazima wenye upungufu mdogo au wa kati wanaruhusiwa kununua kifaa cha usikivu bila cheti cha daktari. Septemba 2024 mamlaka ya huko iliidhinisha programu inayogeuza visikizi vya AirPods Pro kuwa kifaa cha aina hiyo. Idhini hiyo haiwahusu watoto wala wenye upungufu mkubwa.

Hatua hizi zinaweza kupunguza gharama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wapatao milioni 430 wanahitaji huduma za usikivu, na kwamba ni takriban asilimia 17 tu ya wanaoweza kunufaika na kifaa ndio wanaokitumia. Kwa wengi, kikwazo cha kwanza si ubora wa teknolojia. Ni bei, umbali wa kliniki na aibu ya kuonekana umevaa kifaa.

Ufanye nini sasa?

• Pimwa usikivu kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Wakati mwingine tatizo ni nta iliyoziba, na huondolewa siku hiyo hiyo. Usiingize vijiti vya pamba.
• Kama tayari una kifaa lakini hakikusaidii, kirudishe kwa mtaalamu akirekebishe. Eleza wapi hasa husikii: ibadani, kikaoni au kwenye simu.
• Kabla ya kununua, uliza: Naweza kukijaribu kwanza? Betri zinapatikana hapa? Nani atakitengeneza kikiharibika?
• Nyumbani, zima redio, kaa karibu na uso wa anayeongea, kwenye mwanga. Mapazia na mazulia hupunguza mwangwi.
• Ukiongea na mzee asiyesikia vizuri, usipige kelele. Mwangalie, ongea taratibu, na kama hajaelewa, badilisha maneno.

Nenda hospitali haraka, siku hiyo hiyo ikiwezekana, ukipoteza usikivu ghafla, hata kama ni sikio moja na huna maumivu. Matibabu yakichelewa, nafasi ya usikivu kurudi hupungua.