Bakteria, Fedha na Zebaki ya Tiira

Dhahabu imechimbwa Tiira, wilayani Busia, tangu miaka ya 1930, zama za ukoloni. Hadi leo wachimbaji wadogo wengi huinasa kwa zebaki, kisha huichoma zebaki hiyo hadharani, na mvuke wake huingia katika mapafu ya wote walio karibu, watoto wakiwamo. Kwa hiyo elimu ya viumbe wadogo na madini si anasa ya maprofesa; yawahusu wananchi hawa kwanza.

Mwaka 1999 wataalamu walitangaza kwamba bakteria aliyepatikana katika mgodi wa fedha huko Marekani aliweza kugeuza chumvi ya fedha, ambayo ni sumu kwa viumbe wa jinsi yake, kuwa chembe ngumu za fedha zenye ukubwa wa hadi nanomita 200. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe za namna hiyo huua vijidudu vya maradhi, na hutumika katika bandeji za vidonda na vichujio vya maji. Mwaka huo huo, kiwanda cha Kasese kilianza kutumia bakteria kutoa kobalti katika mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe. Asiseme mtu, basi, kwamba jambo hili ni la ng'ambo tu.

Lakini tusijidanganye. Bakteria hana urafiki wala uadui na binadamu. Hukifanyia kazi kile anachokikuta. Zebaki ikitiririka hadi kwenye matope ya vijito, bakteria wa aina nyingine huigeuza kuwa zebaki-methili, sumu kali zaidi, ambayo hulimbikizana katika samaki na kuweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Ndiyo maana twasema kazi ya kwanza ni kuiondoa zebaki machimboni. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2019, lakini mkataba hautamfaa mchimbaji ukibaki kabatini. Amri na doria peke yake hazitoshi, kwani mwenye njaa hatatupa zebaki kabla hajaonyeshwa njia nyingine. Njia zipo: kutenga dhahabu kwa uzito wake, kuiyeyusha kwa boraksi, na, kwa asiyeweza kuacha mara moja, chombo cha kunasa mvuke. Chuo Kikuu cha Busitema ki jirani. Wataalamu wake hawana budi kushuka machimboni. Ikiwa elimu iliyafanya mabaki ya Kilembe kuwa mali, ni haki ya watu wa Tiira kuipata kabla matope yao hayajawa sumu ya vizazi vijavyo.