"Mfululizo" Haitoshi

Katika mazoezi ya kufundisha, walimu wanafunzi wengi huandika ubaoni neno la Kiingereza "continuously", huweka mbele yake neno "mfululizo", kisha hulihesabu somo kuwa limekwisha. Sisi twaona kwamba hapo ndipo somo linapoanza.

"Mfululizo" ni neno zuri, lakini maana yake ni pana. Tukisema, "Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo," msikilizaji aweza kuelewa kwamba ilinyesha kila siku, ingawa kati yake jua liliwaka. Mwingereza akisema, "It rained continuously for three days," haachi nafasi hiyo: mvua haikukatika, usiku na mchana. Maana ile ya kwanza yeye huieleza kwa maneno mengine, kama vile "three days running". Na jambo linalokoma kisha likarudi tena na tena, aghalabu la kuudhi, hulieleza kwa neno "continually".

Ni kweli kwamba Waingereza wenyewe hawaishiki tofauti hii siku zote, kwani maneno haya mawili yametoka katika shina moja la Kilatini. Hata "continuous assessment", ambayo sisi huiita tathmini endelevu, hufanywa kwa majaribio yenye muda kati yake. Kwa hiyo hatuwaombi walimu wawe wakali kuliko wenye lugha.

Hata hivyo, tofauti hiyo ina uzito. Katika Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, na akiingia sekondari huikuta sayansi kwa Kiingereza. Siku atakapoagizwa maabarani, "Stir continuously," naye akadhani kwamba akoroge mara kwa mara, jaribio litaharibika. Ataonekana kuwa hawezi sayansi, kumbe ni neno tu ambalo hakufundishwa barabara.

Twapendekeza njia hii. Mwalimu aanze na jambo ambalo watoto wanalijua: uji jikoni. Anayekoroga bila kuacha hupata uji laini. Anayekoroga, kisha akaenda kuchanja kuni, akirudi hukuta madonge. Halafu achore ubaoni mstari usiokatika, na chini yake mstari wa nukta. "Continuously" liandikwe juu ya mstari wa kwanza, na "continually" juu ya ule wa nukta. Watoto waamue wenyewe: mto unaotiririka uko kwenye mstari upi? Na jogoo anayewika? Mwishowe kila mmoja atunge sentensi yake na kuonyesha mahali pake.

Kabla ya kuandika neno geni ubaoni, mwalimu hana budi kujiuliza: Kiswahili nacho husemaje jambo hili, na kwa njia ngapi? Akipata jibu, atakuwa amefundisha lugha mbili katika kipindi kimoja.