Ujanja wa Tiketi Mbili Unatuponza

Kuna elimu inayogawiwa bure siku hizi, kuanzia vikundi vya WhatsApp vya wafanyabiashara mpaka vibarazani: eti mjanja hanunui tiketi moja ya kumfikisha aendako. Anaivunja vipande. Anakata ya kwanza kwa shirika hili mpaka Dubai au Istanbul, ya pili kwa shirika jingine kutoka pale mpaka mwisho wa safari, kisha anatamba kwamba kaokoa laki sita. Asiyefanya hivyo anaonekana mshamba anayekamuliwa na mashirika ya ndege.

Elimu hiyo ni mbovu, na inawaumiza zaidi watu wenye pasipoti kama zetu.

Tumchukue mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo. Viza ya China anayo, dola anazo. Simu inamwonyesha Dar–Dubai kwa bei ya kutupa na Dubai–Guangzhou kwa bei ya kutupa vilevile, katikati saa nne za kusubiri. Anajumlisha, anafurahi, analipa. Siku ya safari anafika kaunta pale uwanja wa Julius Nyerere, begi liko kwenye mizani, na mhudumu anamuuliza swali ambalo simu haikumuuliza: "Viza ya Dubai iko wapi, kaka?" Anajibu kwamba haendi Dubai, anapita tu. Mhudumu anatazama tena tiketi. Kwa shirika lile, safari ya bwana huyu inaishia Dubai. Begi litafungwa lebo ya Dubai na kushushwa kwenye mkanda wa mizigo wa Dubai, ng'ambo ya dirisha la Uhamiaji. Ili alichukue na kulipeleka kwenye kaunta ya shirika la pili, lazima aingie nchini, na Mtanzania haingii Falme za Kiarabu bila viza. Angekuwa na tiketi moja, begi lingehamishwa ndege na kwenda moja kwa moja mpaka Guangzhou, naye angebaki ndani akizurura madukani bila mtu kumuuliza lolote.

Kumfokea mhudumu hakusaidii. Mashirika huangalia masharti ya kila nchi kwenye mfumo uitwao Timatic, na likimpakia mtu asiye na nyaraka, shirika hutozwa faini na kulazimika kumrudisha alikotoka. Uingereza hutoza pauni 2,000 kwa kila abiria wa namna hiyo. Hakuna mfanyakazi wa kaunta atakayebeba deni hilo ili wewe uokoe laki sita.

Ujanja huu ulianza kwa watu ambao milango ya nchi nyingi hufunguka wakionyesha pasipoti tu. Kwao kutoka nje ya uwanja, kuchukua begi na kurudi ndani ni kero ya saa moja. Sisi tumeudaka ushauri wao bila kutazama pasipoti zetu. Pale Heathrow, Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, Mrundi na Mkongo wa Kinshasa wote wamo kwenye orodha ya wanaotakiwa viza hata ya kupita tu bila kuvuka Uhamiaji, isipokuwa wenye nyaraka maalumu kama viza halali ya Marekani au Kanada. Mkongo huyo ana mzigo wa ziada, kwa sababu nchi za Schengen nazo humdai viza ya kupitia kwenye viwanja vyao. Na Marekani ndiyo kabisa: anayeunganisha Miami kwenda Amerika ya Kusini hupita Uhamiaji hata kama tiketi yake ni moja. Kwa hiyo tiketi moja nayo si hirizi. Inapunguza milango, haiifuti yote.

Wako watakaonijibu: "Mimi nimefanya miaka yote, haijawahi kunitokea." Sawa. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua ilifurisha uwanja wa Dubai, maji yakajaa njia za ndege, na safari zikavurugika kwa siku kadhaa. Tarehe 11 Septemba mwaka huohuo wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, waligoma kupinga mpango wa kuukodisha uwanja huo kwa kampuni ya Adani ya India, abiria wakarundikana nje. Siku kama hizo mwenye tiketi moja ana mtu wa kumdai. Shirika lililomuuzia ndilo linalopaswa kumtafutia kiti kingine mpaka mwisho wa safari, hata kama atalala foleni. Mwenye mbili anaambiwa na shirika la pili kwamba ndege yao iliondoka kwa wakati, yeye ndiye hakutokea. Wakishamwandika hivyo, kwa kawaida hata kiti chake cha kurudi kwenye tiketi hiyo hufutwa. Laki sita alizookoa hazinunui tiketi mpya ya siku hiyohiyo.

Ndugu zetu walioko Ulaya wana sababu nyingine ya kuukwepa ujanja huu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inampa anayeondoka kwenye uwanja wa nchi za Umoja huo haki ya kudai fidia, hadi euro 600 kwa safari ndefu, akifika kwa kuchelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika. Safari iliyohifadhiwa pamoja huhesabiwa mpaka kituo cha mwisho. Ukiivunja, umekosa kuunganisha ndege kwa dakika kumi na madai yako yamekufa.

Kibaya zaidi, wengi wananunua tiketi mbili bila kujua. Programu za kutafuta bei hukuunganishia mashirika yasiyo na mkataba wowote kati yao, unalipa mara moja, unadhani umenunua kitu kimoja. Onyo limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni: utahamisha mizigo mwenyewe. Ukipokea namba mbili za uhifadhi, huenda una tiketi mbili, hata kama risiti ni moja. Wakala mzuri, yule tunayembeza kwamba anatula kamisheni, anaweza kukuunganishia mashirika mawili yenye mkataba kwenye tiketi moja, na mara nyingi tofauti ya bei si ile uliyoidhania.

Sikatai tiketi mbili kila mahali. Mtu mwenye viza ya Oman anayekwenda kwanza kukaa wiki kwa shangazi yake Muscat, kisha aendelee mbele, avunje tu safari yake, hana cha kupoteza. Lakini mwenye saa nne za kusubiri, mabegi mawili ya kilo 23 na pasipoti inayodaiwa viza kila kona, huyo anacheza kamari.

Kabla hujabonyeza kulipa, muulize anayekuuzia: namba za uhifadhi ni ngapi, na begi langu nitalichukulia wapi? Akianza kuzunguka, usilipe.