Mgonjwa Aulizwe Kuhusu Maji

Malinyi mtu akifa kwa saratani, msibani hakosekani wa kusema: "Ni haya maji." Wapo wataalamu wanaoipuuza kauli hiyo. Sisi tunaona inastahili kuchunguzwa, na pa kuanzia ni kwenye daftari la wagonjwa.

Mkulima wa mpunga wa bonde letu la Kilombero hanywi maji ya mahali pamoja. Akiwa kijijini huchota kwenye pampu. Msimu ukianza, familia huhamia shamba, hulala kwenye dungu, na maji ni ya mtoni au ya kisima kifupi kilichochimbwa pembeni mwa mpunga. Hatua chache kutoka hapo, dawa ya magugu inapuliziwa na bomba la kupulizia linasuuzwa. Miaka 30 baadaye mtu huyo akiugua, faili litataja kijiji chake tu. Maji ya shamba hayataandikwa popote.

Na saratani haina haraka. Kule Antofagasta, Chile, mwaka 1958 mji ulianza kuletewa maji ya mito yenye sumu ya aseniki zaidi ya mara 80 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha leo, yaani mikrogramu 10 kwa lita. Mtambo wa kuyasafisha ulijengwa 1970. Hata hivyo vifo vya saratani ya mapafu na ya kibofu viliendelea kuwa vingi kwa miongo kadhaa. Anayepima kisima cha leo peke yake hawezi kueleza ugonjwa wa leo. (Na kuchemsha hakuondoi aseniki wala nitreti, kemikali ya mbolea; maji yakipungua sufuriani, vitu hivyo huzidi kukolea.)

Hatari nyingine haipiti hata mdomoni. Kichocho cha mkojo, ambacho shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikithibitisha mwaka 1994 kuwa kinasababisha saratani ya kibofu, huingia kwa kupenya ngozi ya aliyekanyaga maji. Mama anayechemsha ya kunywa kisha akafua mtoni bado hajakingika.

Kuuliza si jambo dogo. Mkoani kwetu Morogoro, wilayani Kilosa, watafiti waliwatumia walimu kuwauliza wanafunzi kama wanakojoa damu. Matokeo yalichapishwa 1991: majibu ya watoto yalitosha kuonyesha shule zenye kichocho kingi, bila daktari kufika kila shule.

Basi zahanati na hospitali za bonde zimwulize kila mgonjwa wa saratani maswali matatu: kijijini unachota wapi, shambani unachota wapi, tangu lini? RUWASA nayo, iliyokabidhiwa maji ya vijijini mwaka 2019, ifike na vipimo vya aseniki na nitreti hadi kwenye visima vya shamba, ambavyo havimo katika orodha ya miradi lakini maji yake hunywewa. Ianze msimu huu, watu wakiwa bado madunguni na visima vyenyewe vikionekana.