Azam TV na ligi za majirani: kwa nini televisheni ya Dar es Salaam ilikuja Uganda, ikaondoka, na bado tunaitazama

Mtu akisimama Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, jioni ya mechi ya Simba na Yanga, kelele za mashabiki hazitamwambia yuko upande upi. Vibanda vya kuonyeshea mpira hujaa huku na huko, ving'amuzi ni vilevile, na sauti ya mtangazaji anayepanda na kushuka pamoja na mpira ni ile ile ya Dar es Salaam. Wapo vijana wa Uganda, hasa sisi tunaozungumza Kiswahili nyumbani, wanaoweza kutaja kikosi cha kwanza cha Yanga bila kusita, lakini wakikwama wakiulizwa kikosi cha Vipers au cha KCCA. Hali hiyo ina historia, na historia hiyo inapitia kwenye mikataba ya haki za matangazo.

Azam TV ilizinduliwa Desemba 2013. Ni tawi la kundi la makampuni ya Said Salim Bakhresa, mfanyabiashara wa Tanzania ambaye Waganda wengi walikwisha kumfahamu kwa unga wa ngano kabla ya kumfahamu kwa mpira. Wakati huo soko la michezo ya kulipia katika ukanda wetu lilikuwa mikononi mwa SuperSport ya Afrika Kusini, chaneli iliyozaliwa ndani ya M-Net mwishoni mwa miaka ya 1980 na kukua pamoja na DStv. SuperSport ilikuja na ligi za Ulaya kama bidhaa kuu, na ligi za Kiafrika zikafuata nyuma. Azam ilipindua mpangilio huo. Iliweka dau lake la kwanza kwenye Ligi Kuu ya Tanzania Bara, ikiamini kwamba mtu wa Mbeya au Mwanza atanunua dishi ili aione timu aliyoirithi kwa baba yake.

Mkataba wa kwanza na Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, ulikuwa wa miaka mitatu, na haukupokelewa kwa shangwe na wote. Yanga waliukataa waziwazi. Hoja yao ilikuwa nzito: mwenye televisheni ndiye mwenye klabu ya Azam FC, mshindani wao uwanjani, itakuwaje mshindani awe pia mnunuzi wa haki na mgawaji wa fedha? Msimu huohuo wa 2013/14 Azam FC ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja, na wenye shaka wakapata la kusema. Hata hivyo, hadi kumalizika kwa msimu wa 2024/25 klabu hiyo haikuwa imeupata tena ubingwa, na Yanga walikuwa wameuchukua mara nne mfululizo. Yanga haohao, mwaka 2021, walitia saini mkataba wao wenyewe na Azam Media kwa ajili ya maudhui ya klabu. Swali la 2013 halikujibiwa. Lilinyamazishwa na fedha, na kwa maoni yangu litarudi siku fedha zitakapopungua.

Fedha zenyewe si haba. Mkataba uliongezwa mwaka 2016, na Mei 2021 TFF na Azam Media wakatangaza mkataba mpya wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya wakati ule, hizo ni karibu dola za Marekani milioni 100.

Sasa tuangalie upande wetu wa ziwa. Mwaka 2015 Azam iliingia Uganda kwa kishindo, ikachukua haki za ligi kuu na kuipa jina lake. Kwa misimu mitatu ligi yetu iliitwa Azam Uganda Premier League. Mwaka huohuo iliingia Rwanda kwa mtindo uleule. Kwa mara ya kwanza mtu wa Mwanza aliweza kuitazama SC Villa, na mtu wa Masaka akaitazama Mbao FC, ndani ya kisanduku kimoja. Lilikuwa wazo zuri, ligi za majirani kufahamiana. Lakini mwaka 2018 jina la Azam likaondoka kwenye ligi ya Uganda, na mwaka 2019 mkataba wa Rwanda nao ukavunjika kabla ya muda wake kwisha. Kenya ilifuata njia ndefu zaidi kufika palepale. SuperSport ilijiondoa huko mwaka 2017 baada ya mgogoro wa kuongeza idadi ya timu hadi 18. Azam ikasaini na shirikisho la Kenya mwaka 2021. Novemba mwaka huohuo serikali ikauvunja uongozi wa shirikisho, Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na Azam ikajiondoa.

Kwa nini Dar es Salaam ilidumu na kwingine kukavunjika? Migogoro ya viongozi ni sehemu ya jibu, hasa Nairobi. Sehemu kubwa zaidi, nadhani, ni namna televisheni ya kulipia inavyoishi. Haiishi kwa idadi ya magoli, inaishi kwa mtu anayelipia kifurushi mwezi baada ya mwezi. Ili mtu huyo asikatize malipo, lazima aone kwamba akikosa wiki moja amekosa jambo. Tanzania ina klabu mbili kongwe, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, ambazo mashabiki wake wametapakaa nchi nzima, kwa hiyo mechi yoyote ya mojawapo, hata ikiwa mkoani dhidi ya timu iliyopanda daraja jana, ina watazamaji katika kila wilaya. Juu ya hilo kuna lugha. Mtangazaji mmoja, kwa Kiswahili kimoja, anasikika kutoka Mtwara hadi Bukoba bila tafsiri. Huku kwetu mtayarishaji wa kipindi cha mpira huanza kwa kujiuliza atangaze kwa Kiingereza au kwa Kiganda, na vyovyote atakavyochagua kuna watu atakaowaacha nje.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye hesabu. Azam ilipoondoka, FUFA ilipata mshirika mwingine mwaka 2018, StarTimes ya China, kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 7.24. Ukigawa kwa mwaka, ni kama dola 724,000. Mkataba wa Tanzania uliosainiwa miaka mitatu baadaye una thamani ya zaidi ya mara 10 ya huo. Sensa ya 2022 iliihesabia Tanzania watu milioni 61.7, na ya 2024 iliihesabia Uganda milioni 45.9, kwa hiyo wingi wa watu hauwezi kuwa maelezo ya pengo hilo.

Pengo la fedha huzaa pengo la wachezaji. Hapa inafaa kuwa waangalifu, maana uhamaji wa kwenda Dar es Salaam ulianza kabla ya televisheni hii. Emmanuel Okwi alitoka SC Villa kwenda Simba mwaka 2010, na Haruna Niyonzima wa Rwanda akajiunga na Yanga mwaka uliofuata. Amissi Tambwe wa Burundi alikuwa mfungaji bora wa msimu wa 2013/14, na Meddie Kagere wa Rwanda akafanya hivyo misimu miwili mfululizo, 2018/19 na 2019/20. Kilichobadilika ni upana wa wavu. Sasa klabu za Kariakoo zinafuata wachezaji hadi Abidjan, na matokeo yameonekana katika mashindano ya Afrika: Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na kulikosa kwa kanuni ya goli la ugenini mbele ya USM Alger, Simba ikafika fainali hiyohiyo mwaka 2025, ikafungwa na RS Berkane. Fedha za televisheni si sababu pekee, kwani klabu hizo zina wadhamini na matajiri wao, lakini ni fedha zinazojulikana mapema, na katika mpira wetu mapato yanayojulikana mapema ni adimu.

Kazi yenyewe ya kurusha mechi hizi ina gharama ambayo mtazamaji haioni. Ligi ya Tanzania huchezwa kutoka pwani hadi maziwa makuu, na magari ya kurushia matangazo pamoja na mafundi wake hufuata ratiba kwa barabara, mamia ya kilomita kati ya uwanja mmoja na mwingine. Barabara hizohizo ndizo zinazowapeleka kwenye shughuli za kitaifa. Tarehe 8 Julai 2019 wafanyakazi watano wa Azam Media walifariki dunia katika ajali mkoani Singida, wakiwa safarini kwenda Chato kwa kazi ya matangazo. Tunapolalamika kwamba picha imekatika dakika ya 80, si vibaya kuwakumbuka.

Na zipo siku ambazo kila kitu kiko tayari ila mechi. Tarehe 8 Machi 2025 Yanga na Simba walipaswa kukutana Dar es Salaam. Simba wakadai wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani siku iliyotangulia, wakagoma kucheza, na mechi ikaahirishwa hadi Juni. Hiyo ndiyo hatari ya ligi inayosimama juu ya miguu miwili.

Kwetu sisi wachache tunaotumia Kiswahili Uganda, jambo hili lina pande mbili, na sioni haya kukiri kwamba nazipenda zote mbili. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini nyaraka ofisini bado ni za Kiingereza. Aliyekifikisha Kiswahili kwenye baa za Kampala, tena cha mbwembwe na mafumbo, ni mtangazaji wa mpira. Mtoto anayesema "kona" na "mlinda mlango" kwa ufasaha hakuyapata maneno hayo darasani. Upande wa pili ni kwamba kila saa tunayokaa mbele ya ligi ya Dar es Salaam ni saa ambayo hatukuitoa kwa viwanja vyetu, na mdhamini anayehesabu macho huiona hesabu hiyo kabla yetu.

Ramani ya wenye haki inazidi kubadilika. MultiChoice, mwenye SuperSport, iliingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa mwaka 2025. FUFA nayo imeanzisha chaneli yake, FUFA TV. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, na matarajio ya watazamaji yatapanda sambamba na bei.

Mwaka unaofuata, 2028, ndio ambao mkataba wa StarTimes wa 2018, kwa miaka iliyoandikwa ndani yake, unafika ukingoni. Ule wa TFF na Azam una miaka mitatu zaidi. Uganda itaingia sokoni kwanza, ikiwa imetoka tu kuandaa mashindano makubwa kuliko yote iliyowahi kuandaa. Viongozi wa soka watakapoandika masharti ya zabuni, tungependa kuona kipengele kimoja ambacho mikataba ya nyuma ilikipita kimya: mechi za Uganda ziwe pia na utangazaji wa Kiswahili. Mnunuzi atakayekubali kipengele hicho atakuwa na bidhaa inayoweza kutazamwa Mwanza, Goma na Bujumbura, na bei yake haitahesabiwa tena kwa watazamaji wa Kampala peke yao.