Pikipiki Kuukuu: Chuma Hiki Kimetoka Wapi?

Barabara ya Bombo itokayo Wandegeya, ikapita Bwaise na Kawempe na kushika njia ya kaskazini, haina saa ya kimya. Boda boda hupita makundi kwa makundi, nyingi zikiwa Bajaj na TVS za kutoka India, na kando ya njia mafundi huketi juu ya mikebe iliyopinduliwa, mikono imewatota oili, wakifungua na kufunga injini mchana kutwa. Mara moja moja, katikati ya vyuma hivyo vya leo, huonekana chuma cha namna nyingine: tangi lenye umbo la tone la maji, gurudumu kubwa lenye rimu ya inchi 19, taa ya mbele pana mfano wa sahani ya wali. Hiyo ni pikipiki ya kale, na aghalabu mwenyewe hakuinunua nzima. Ameikusanya kipande kwa kipande.

Kazi hii yaweza kumfaa sana mstaafu wa jeshi au polisi. Mtu aliyezoeshwa tangu ujana kufungua silaha, kuisafisha na kuifunga tena bila kubakiza skrubu hata moja mezani, hupata faraja katika kabureta iliyofunguliwa juu ya gazeti. Jamaa zake nao hufaidika, kwani baba aliye uani na spana yuko nyumbani, na watoto hujifunza majina ya vyuma kabla ya kuharibikiwa navyo njiani. Walakini shughuli hii ina mlango mmoja wa hatari ambao wapenzi wake hawapendi kuutaja, nao ni asili ya vipuri. Mlango huo utafunguliwa; kwanza zijulikane mashine zenyewe.

Katika pikipiki za Kiingereza, jina ambalo wazee hawajalisahau ni BSA. Ile iitwayo M20, ya silinda moja yenye sisi 496, ilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, zaidi ya pikipiki 120,000. Ni nzito, haina haraka, na matarishi wa jeshi waliipenda kwa sababu ilistahimili mateso. Ndugu yake mdogo, Bantam, ilianza kuuzwa mwaka 1948. Injini yake ya sisi 123 hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Wako wapenzi wa mambo ya asili wanaokasirika wakiona Bantam imefungwa kipuri kisicho chake. Hao wakumbushwe kwamba Bantam yenyewe ni nakala: michoro yake ilitokana na DKW RT 125 ya Ujerumani, iliyochukuliwa kama fidia ya vita, na Waingereza wakaigeuza kushoto kuwa kulia. Warusi na Wamarekani nao walitengeneza ya kwao kutokana na pikipiki hiyo hiyo.

Anayeanza, hata hivyo, asianze na Mwingereza. Wasemao ya kale ni dhahabu hawajapata kutafuta nati ya kale. Bolti za Kiingereza za zama hizo zilipimwa kwa inchi na nyuzi zake ni za namna ya peke yake, ilhali bolti zijazazo maduka ya Kampala ni za milimeta. Mbili hizo zaweza kukubaliana kwa mizunguko miwili ya kwanza. Ukilazimisha wa tatu, nyuzi zimekatika na injini imepata kilema. Umeme nao ni hivyo hivyo. Pikipiki nyingi za kale zilitumia volti 6, na balbu ya Bajaj ya volti 12 ikifungwa humo hutoa mwanga wa kibatari.

Afadhali mwanagenzi atafute Honda CG125. Pikipiki hii ilitoka mwaka 1976, na Wajapani waliibuni makusudi kwa nchi ambazo mpandaji hupakia mizigo mizito na husahau kubadilisha oili. Viwanda vya China vimeiga injini yake kwa miaka mingi, kwa hiyo pistoni, ringi na gasketi zake hazina shida ya kupatikana. Mwenye Honda ya umri wa miaka 40 na zaidi yaweza kumtosha safari moja ya Kisekka, mahali panapojulikana siku nyingi kwa vipuri, akarudi Kawempe jioni na mfuko uliojaa.

Kuchanganya vipuri si utundu wa juzi katika mji huu. Mwezi wa Agosti 1972 serikali ya Idi Amin ilitangaza kuwafukuza Waasia, wakapewa siku 90, na biashara kubwa ya vipuri ilikuwa mikononi mwao. Maduka yalipokwisha bidhaa, mambo yakawa magendo. Fundi aliyekosa pistoni ya pikipiki hii alichukua ya ile, akampelekea mkereza aipunguze, akaifunga. Mashine iliyozaliwa namna hiyo ilikuwa na nasaba tatu au nne, lakini ilimfikisha mwalimu shuleni na mgonjwa Mulago. Ustadi huo ulirithiwa, na ndio unaomwezesha mtu leo kuchukua fremu iliyolala bandani miaka mingi akaitembeza tena.

Sasa ule mlango. Fremu ya mwaka 1950 ni nadra kuibwa. Kinachoibwa ni injini ya mwaka jana. Mwenye fremu kuukuu iliyokosa injini huona njia ya mkato mbele yake: atie injini ya Bajaj, ipatikane kwa bei nafuu, pikipiki itembee kabla ya Krismasi. Hapo ndipo hapana budi kuuliza kwa nini bei ni nafuu. Waendesha boda boda wameuawa Kampala na kwingineko kwa ajili ya pikipiki zao. Polisi wanalijua jambo hili na wajane wanalijua zaidi. Pikipiki iliyoporwa ikiishafunguliwa huwa vyuma tu, na vyuma havina sauti. Injini yake yaweza kukaa kwa amani ndani ya fremu ya Kiingereza iliyopakwa rangi nzuri, ikapigiwa makofi mtaani, na bwana mwenye mali akaisifu bila kujua kwamba anamsifu marehemu.

Kwa hiyo mazungumzo ya muuzaji na mnunuzi na yawe kama haya. Muuzaji atasema, “Afande, chuma hiki ni safi.” Naye afande ajibu, “Safi kwa sabuni au safi kwa karatasi, mwanangu?” Kisha ainame aitazame namba. Namba iliyopigwa kiwandani ina tarakimu za kimo kimoja na kina kimoja, na chuma kinachoizunguka kina sura ile ile ya chuma kingine. Palipopita tupa huwa bapa na laini kupita kiasi. Palipopigwa namba mpya kwa mkono, tarakimu moja huinama na nyingine huzama. Rangi nzito juu ya mahali pa namba ni sababu ya kutosha kuondoka. Pikipiki za vita aina ya M20 zilipigwa herufi WM20 kabla ya namba, na mtu akiuziwa “ya jeshi la Mwingereza” isiyo na alama hiyo, aulize tena.

Namba ikiridhisha, yaandikwe mapatano: jina la muuzaji na namba ya kitambulisho chake, tarehe, bei, namba ya injini au ya fremu, mashahidi wawili, na mhuri wa mwenyekiti wa LC1. Wengine huona haya kudai karatasi kwa ajili ya kipande cha chuma cha bei ndogo, wakidhani watamvunjia muuzaji heshima. Muuzaji mwema havunjikiwi na chochote. Kupokea mali ya wizi ni kosa katika sheria ya jinai, na askari anayepatikana nayo hupoteza zaidi ya pikipiki. Injini ikibadilishwa, kitabu cha usajili nacho kibadilishwe, ili namba zilizo kitabuni ziwe ndizo zilizo kwenye chuma. Na fremu isiyo na karatasi yoyote, ambayo hakuna ajuaye ilikuwa ya nani, ibaki pambo la uani. Ni hukumu chungu kwa mtu aliyekwisha kuipenda, lakini ndiyo hukumu.

Baada ya asili hufuata breki, na hapa mapenzi ya vitu vya kale yakome kabisa. Tangi liwe la zamani, na kiti, na taa, na hata injini. Tairi, tyubu, waya za breki na za klachi, cheni, beringi za magurudumu na breki shuu ziwe mpya. Raba ya tairi huzeeka hata kama haijatembea. Mistari midogo ubavuni mwake ni dalili ya kupasuka. Breki za kale ni za ngoma, ndogo, na Kampala ni mji wa vilima. Bwaise nayo, iliyo bondeni, hufurika mvua ikinyesha kwa nguvu, na ngoma iliyoingia maji haishiki mpaka ikaushwe kwa kubana breki polepole mwendo mdogo. Maji hayo hayo yakifika kwenye magneto, safari imekwisha.

Fundi anayefungua ngoma kuukuu asipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa pampu. Breki shuu za zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likikaa mapafuni huleta ugonjwa ambao hujitokeza baada ya miaka mingi. Alifute kwa kitambaa chenye maji, akitupe kitambaa hicho, wala nguo alizovaa zisifuliwe pamoja na nepi za mtoto.

Uani kuna adui mwingine. Tangi tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani hulipuka. Lisipelekwe kwa mchomeaji vyuma kabla ya kuoshwa mara kadhaa kwa maji ya moto na sabuni, na hata hapo lichomewe na fundi aijuaye kazi hiyo. Petroli ya kusafishia vyuma isitiwe katika chupa ya soda; mtoto mwenye kiu hasomi harufu. Tena isikaribishwe kwenye sigiri. Mama wa nyumba anayekataza vyuma kuingia jikoni ana haki yote, na fedha za vipuri nazo na zijulikane kwake mapema, zitengwe mbali na karo za shule. Ndoa nyingi huvumilia kelele ya injini. Stakabadhi zilizofichwa ndizo zisizovumilika.

Siku ya kutoka ikifika, mpandaji awe na kibali cha daraja A, na kofia ngumu kichwani mwake na mwa abiria, kama kanuni za mwaka 2004 zinavyoagiza. Kofia isiwe ya kale. Siku ya kwanza abiria asichukuliwe. Jumapili alfajiri yafaa, barabara ikiwa bado nyeupe: kutoka Kawempe kupita Maganjo hadi Matugga, mwendo wa taratibu, injini isilazimishwe mlimani. Bombo, ulio kilometa zipatazo 35 kutoka katikati ya Kampala, uachiwe Jumapili ya pili. Pale Matugga mpandaji asimame, aache injini ipoe, apapase ngoma za magurudumu kwa mgongo wa mkono: iliyo moto sana kuliko mwenzake ina breki inayobana. Kisha agonge spoki moja moja kwa spana. Iliyokaza hulia kama kengele ndogo, iliyolegea hutoa sauti ya bati, na hiyo ikazwe kabla ya kugeuza pikipiki kurudi nyumbani.